Maneno ya Kichina Niliyomwambia Mgeni Wetu

Mpaka sasa sijaamini kwamba ni mimi niliyefanya haya. Ninapokea wageni katika hoteli moja hapa Kamembe, na napenda filamu za Kichina kupita kiasi. Maneno siyaelewi, ila nyuso zao zinanitosha. Mtu anamimina chai kimya kimya, nawe unajua moyo wake umevunjika.

Kosa langu ni kujisifu kazini kwamba lugha nimeishika. Patron, mwenye hoteli, akaniambia, "Kesho kutakuja maman mumoja Muchina, anatoka Bukavu. Utamupokea wewe."

Jioni nikairudia filamu ninayoipenda kuliko zote. Kuna harusi: wenyeji wamevaa nyeupe tupu, na kila mgeni anainama mlangoni akisema maneno yale yale. Nikayakariri.

Mama yule aliposhuka kwenye teksi na kuingia mapokezi, nikainama mpaka kiunoni, nikayatamka polepole kwa sauti ya upole.

Begi likamponyoka. Akashika meza yangu, akasema kwa Kiswahili safi cha Bukavu, "Papa, bwana yangu amekufa?"

Patron akaja mbio. "Hapana, maman. Bwana yako iko Mibirizi kwa hospitali, anapona, nimeongea naye asubuhi. Nani amekuambia amekufa?"

"Huyu. Amenipa pole ya kilio, vile tunasemaka kwetu."

Wote wawili wakanigeukia.

"Maman," nikasema, "walivaa nyeupe. Nilizani ni harusi."

"Kwetu," akanijibu akipangusa machozi, "nyeupe ni ya matanga."