Namba Iliyosomwa Juu ya Mti

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Sikonge, simu ilikuwa moja tu, ya baba, na namba yake ndiyo tuliyoijaza kila mahali: kliniki, kanisani, shuleni, hata kwa fundi wa baiskeli. Nilipoomba chuo niliijaza hiyo hiyo bila kufikiri mara mbili. Nilichosahau ni kwamba majibu ya vyuo hutoka wakati baba yuko porini akirina asali, na porini hakuna mtandao.

Majina yalipotoka, rafiki yangu wa Tabora mjini alinipigia kwenye simu ya jirani. Nilikuwa nimepata vyuo viwili. Kimoja kilikuwa cha hapo hapo Tabora, shahada ya biashara. Kingine ni kile kikubwa cha Dar es Salaam, shahada ya uchumi, ambayo mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akituambia tusijisumbue kuiomba. Ukipata viwili unatumiwa namba ya siri kwa simu. Unaiingiza mtandaoni kwenye chuo unachokitaka, na kile kingine kimekwenda na maji. Mwisho wa kuthibitisha ulikuwa kesho yake. Namba yangu ilikuwa kwenye simu ya baba, na simu ya baba ilikuwa imezimwa ndani ya mkoba, katikati ya msitu wa miombo.

Mama alinifungia michembe, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, akaniambia, "Nenda. Na ukifika usibabaike, mwanangu. Sema unachokitaka."

Rahisi kwake kusema. Alijua vizuri kwamba baba na wadogo zake wawili walishanipangia maisha. Nisome biashara, niishi Tabora, asali yao ipate mtu wa kuiwekea lebo na kuisimamia sokoni, maana walikuwa wamechoka kupunjwa na walanguzi. Walikuwa na haki ya kuchoka, na niliwaonea huruma kweli. Lakini mimi niliutaka uchumi. Nilitaka kujua inakuwaje bei ya asali inapangwa na mtu ambaye hajawahi kuumwa na nyuki hata mmoja. Kwenye kubandika lebo sikuliona jibu.

Niliendesha baiskeli asubuhi nzima kwenye barabara ya vumbi, kisha nikaisukuma kwenye mchanga wa njia ya porini. Kambi niliijua kwa moshi wake, lakini sikuingia. Kwetu wanawake hawaingii kambi ya warina asali. Wanasema nyuki hukasirika na msimu unaharibika. Mimi nasema wazee walitafuta tu mahali pa kupumzika mbali na sisi, ila siku ile sikuwa na hamu ya ubishi. Nilisimama kwenye mti uliofungwa kitambaa, ambao ndio mpaka wetu, nikaita.

Akatokea baba mdogo, yule mkubwa kati ya wawili, jicho moja limevimba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimepata chuo."

"Sasa mbona unatutisha? Nilishaanza kufikiria sanda."

Nikamweleza habari ya namba. Akamwita baba, na baba akafanya kile wanachofanya warinaji wote wa huko wakitaka mtandao. Alitia simu mfukoni, akachukua kamba yake ya kupandia, akaukwea mti mrefu kuliko yote, akaipita hata mizinga yake mwenyewe. Kutoka nilipokuwa niliona miguu tu kwenye majani. Chini, wadogo zake walirudi kuchochea moshi.

Simu ikaanza kulia, meseji za siku zote hizo zikiingia kwa mkupuo.

"Nimeiona!" baba akapaza sauti. "Ila kabla sijaisoma, niambie unakwenda kuiingiza wapi."

Hapo nikajua nimebanwa. Ningeweza kumdanganya. Ningesema biashara, angenisomea, ningerudi kuiingiza ninapotaka, na yeye angekuja kujua msimu ukiisha. Njia hiyo niliiona na ikanivutia, sitasema uongo. Lakini baba alikuwa ananing'inia kule juu kwa ajili yangu, nyuki wanamzunguka, na moyo ukakataa.

"Uchumi!" nikasema.

"Sema tena!"

"Uchumi, baba! Dar es Salaam!"

"Sema tena!"

Nikadhani ni upepo, halafu nikadhani ni hasira. Nikaweka mikono mdomoni, nikapiga kelele mpaka koo likawasha: "Nataka uchumi! Biashara siitaki! Nisameheni!"

Safari hii wadogo zake waliacha moshi wakanigeukia. Baba mdogo akaja mpaka kwenye mti wa kitambaa.

"Kwa hiyo asali yetu unatuachia wenyewe," akasema, bila ukali wowote, na hilo liliniuma zaidi. "Babu zetu walikwenda pwani na mizigo kichwani, njia ni hii hii. Si wote waliorudi, mama."

Nikalia. Na huku nalia, baba akaanza kuisoma namba kutoka juu, tarakimu moja moja, taratibu. Nikapapasa mifuko, sina kalamu. Baba mdogo alinitazama kidogo, akarudi motoni, akachukua kipande cha mkaa uliopoa. Akaushika mkono wangu wa kushoto, akaiandika namba yote mwenyewe, kuanzia kiwikoni mpaka kwenye kifundo, kisha akamwomba baba airudie ahakikishe.

Baba aliposhuka alinisindikiza mpaka kwenye baiskeli.

"Mbona umenisemesha mara tatu?" nikamuuliza.

"Mimi nilikusikia mara ya kwanza," akasema, huku anang'oa mwiba wa nyuki shingoni. "Hawa ndio walikuwa hawajasikia. Ningewaambia mimi, wangenibishia mpaka msimu ujao."

Nilipanda baiskeli, mkono wa kushoto nimeuinua usigusane na nguo. Barabara ile ina mchanga na mashimo, na nilianguka mara kadhaa, kila mara kwa upande wa kulia. Niliendesha kwa mkono mmoja mpaka Sikonge.