Roboti Niliyoiandika Ilifuta Sauti ya Baba wa Mwenzangu

Admin, naomba unifichie jina langu na la ofisi yetu, maana Isiolo ni ndogo na watu wanajuana. Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, Mmeru, nimezaliwa na kukulia hapa Burat. Sijaolewa, sina mtoto, kazi ndiyo imekuwa kila kitu. Mkinitukana nitasoma yote, ila mnisaidie kwanza.

Naandika programu za kompyuta. Ofisi yetu ina watu sita na tunatengeneza huduma ya simu: mfugaji anapiga, anasikia kwa Kiborana ni kisima gani kina maji. Kazi yetu yote hukaa kwenye ghala moja la mtandaoni, tunaliita repo. Humo kila mtu hufungua tawi lake, akafanyia kazi pembeni, halafu mwingine anakagua kabla ya kuliunganisha na kazi kuu. Mkaguzi ni mimi.

Sasa mimi napenda usafi kupita kiasi. Ofisini wananiita Mama Fagio. Repo yetu ilikuwa imejaa matawi yaliyosahauliwa, mengine ya watu walioacha kazi zamani, na kila Ijumaa nilipoteza nusu siku kuyafuta moja moja. Nikachoka. Nikaandika roboti, yaani programu ndogo inayojiendesha yenyewe, ifanye hiyo kazi. Tawi likikaa miezi mitatu bila kuguswa, roboti inamtumia mwenyewe barua pepe. Asipojibu kwa wiki mbili, inalifuta. Nilipoionyesha ofisini walinipigia makofi, na sitaficha, nilijisikia sana.

Kuna mwenzetu nitamwita Galgalo, si jina lake. Ni Mborana wa Korbesa, ndiye aliyekuwa akirekodi sauti. Kabla ya kiangazi alimketisha baba yake akamrekodi kwa simu zaidi ya saa nzima, mzee akitaja visima vyote anavyovijua, nani alivichimba, na maji yake huwa vipi mvua zikikosa. Mwishoni mzee akamwombea dua mjukuu ambaye mke wa Galgalo alikuwa bado amembeba tumboni. Galgalo akaweka yote kwenye tawi lake, akingoja nikague ndipo tukate vipande tunavyohitaji.

Siku yake ya mwisho ofisini kabla ya safari akaja mezani kwangu. Simu yake ilikuwa imejaa.

"Dada, nikitoa hii ya abba kwa simu, haitapotea?"

"Futa tu," nikamjibu nikicheka. "Ikishaingia kwa repo, hata ofisi iungue haipotei."

Akafuta palepale. Kisha akaenda fora, zile kambi za mbali ambako wanaume hupeleka ng'ombe malisho ya nyumbani yakiisha. Bosi alimpa ruhusa. Huko hakuna mtandao, na mtu anaweza kukaa miezi minne au mitano kisha akarudi akaendelea na maisha yake. Hilo mtoto yeyote wa Isiolo analijua. Nimekua nikiona majirani wakienda na kurudi. Lakini nilipokaa kuandika masharti ya roboti, niliandika kama mtu ambaye hajawahi kuishi hapa. Aliyenyamaza miezi mitatu, nikamhesabu ameacha.

Na linaloniua ni hili. Tawi lile halikulala kwa sababu ya Galgalo. Lilikuwa linanisubiri mimi. Kila wiki nilisema nitalikagua wiki ijayo. Roboti ikatuma onyo kwa mtu aliye porini, haikupata jibu, ikafuta. Jumatatu nikaona ripoti kwamba matawi kumi na moja yameondolewa, nikafurahi bila hata kusoma majina.

Wanaojua kazi hii watauliza, si hurudishwa? Hurudishwa, kwa muda. Lakini mimi na ujuaji wangu niliiagiza roboti isafishe hata mabaki kila Jumapili ili ghala lisijae. Nakala ya akiba nayo hufuata ghala lilivyo: kitu kikifutwa huku, na kule kinafutika.

Mzee alifariki Korbesa, Galgalo akiwa bado fora. Akazikwa siku ileile kama desturi ya Waislamu, mwanawe hakuwahi. Alipofika mahali penye mtandao, alinipigia mimi kwanza kati ya watu wa ofisi.

"Salaam aleikum, dada. Abba ametuacha. Hata kuzika sikufika." Kisha akauliza, "Lakini sauti yake si iko kwako?"

Nikasema iko. Sikuwa nimeangalia. Nilipokata simu ndipo nikafungua repo, nikatafuta, nikatafuta tena, nikaenda chooni nikalia hadi mmoja wa ofisini akaja kugonga mlango.

Nimetafuta wiki mbili sasa, hakuna kitu. Amepiga tena, anasema, "Nitumie ile dua tu, hiyo ingine ingoje." Nikamdanganya kwamba mtandao unasumbua. Niliona haya hata kuishika ile simu. Bosi naye anasema, "Mwambie mitambo iliharibika. Atajuaje?" Hatajua, kweli. Lakini mitambo haikuharibika. Ilifanya nilichoiagiza, hatua kwa hatua.

Mtoto amezaliwa, mvulana. Jana Galgalo, ambaye sasa amerudi nyumbani Korbesa, alinipigia akiwa na furaha ya kwanza tangu msiba. Wanakuja mjini Jumamosi, yeye na mkewe, mtoto, na mama mzazi wa Galgalo. "Mama anasema yeye hataki kitu ingine. Anataka tu mtoto asikie babu yake akimuombea."

Mama huyo hajui Kiswahili, na Kiborana changu ni cha salamu tu. Nikiungama mbele yao, Galgalo ndiye atakayelazimika kugeuza maneno yangu na kumwambia mama yake kwa mdomo wake mwenyewe. Nimwambie leo kwa simu, akiwa peke yake huko, ama ningoje wafike nimtazame machoni? Jameni, nishaurini. Hiyo Jumamosi nifanye nini?