Kahawa Iliyochumwa Msibani

Siku hiyo, mwanangu, bado naikumbuka, na kila nikiikumbuka siwezi kukaa. Nainuka, nachungulia dirishani, narudi kitini, nainuka tena. Wajukuu hunicheka eti bibi kakalia siafu. Waache wacheke.

Nilikuwa msichana wa mwandiko mzuri, nimemaliza la saba, nikaitwa niende mtaa wa Chapwa, mjini Tunduma, kwa Bibi Tusekile. Wewe humjui. Zamani riwaya zake zilisomwa shuleni, na akiingia mkutanoni watu walisimama. Yeye ndiye aliyezunguka Mbozi akiwafungulia wajane madarasa ya kusoma, akiketi nao shambani ndugu wa marehemu wanapokuja kuwafukuza. Nilipomkuta mimi, jina lilikuwa limechuja. Waliompigia hodi walikuwa wauza mahindi tu. Mtoto wa jicho alimziba macho yote mawili, ila hakujua kutulia. Alitembea toka ukutani hadi mlangoni akinitamkia kitabu chake cha mwisho, nami naandika. Malori ya mpakani yakipiga honi aliyatukana kidogo, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Nilimpenda, nikamwogopa.

Asubuhi moja akafika kwenye sura ya mjane ambaye shemeji yake alichuma kahawa ya marehemu, yeye angali ameketi mkekani msibani. Wanawake waliokuja kumliwaza walisikia ndoo zikijaa nyuma ya nyumba. Matanga yalipokwisha akaambiwa afungashe.

Kalamu ilinigomea. Shemeji yule alikuwa baba yangu, na mjane ni mama mkubwa, mke wa marehemu kaka yake. Kahawa ile ndiyo iliyoninunulia sare ya shule! Nikajiambia damu nzito kuliko maji, nikaandika: "Mjane akaondoka kwa hiari yake." Bibi aliposema nimsomee, nilimsomea kama alivyotamka mwenyewe. Asiyeona angejuaje?

Wiki ile ile mama mkubwa akashuka kutoka Mbozi kuja kusikia sura yake. Sikuhofu sana, maana nilijua shule hakuwahi kuiona. Nikafungua daftari nianze kusoma ya kichwani. Akanyoosha mkono.

"Lete, mwanangu, nijisomee."

Akatoa miwani iliyofungwa uzi. Yale madarasa ya wajane nilikuwa nimeyasahau kabisa.

Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, hadi pale. Akavua miwani.

"Kwa hiari yangu?" akauliza, taratibu tu. Heri angenipiga.

Bibi Tusekile akaacha kutembea. Ndiyo mara ya kwanza kumwona amesimama.

"Nilijua wewe ni binti wa nani tangu siku ya kwanza," akasema. "Wenye mwandiko mzuri ni wengi hapa Tunduma. Nilikuita wewe ili neno hili litoke kwenye nyumba iliyolitenda. Shika kalamu, andika upya."

Sikuishika, mwanangu. Nilikimbia mpaka kijijini kwetu, Mpemba, sikurudi. Kabla ya mvua za kwanza Bibi akazikwa, na kitabu hakikuchapwa. Mama mkubwa alifia chumba cha kupanga. Baba alizikwa kwa heshima zote, nami nikaimba kwenye kwaya.

Lakini mficha uchi hazai. Mwezi huu nimewaita wadogo zangu nikawaambia kahawa ile ni ya nani, na ile sura nimeiandika upya kwa mkono huu huu, jina la baba likiwemo. Mmoja wao haniamkii tena. Shamba bado halijarudi kwa wajukuu wa mama mkubwa, ndiyo maana unaniona sikai.

Basi nakuusia. Mtu akiuazima mkono wako aseme yake, usimwibie kinywa chake. Mpende baba yako, mtunze, mlilie, ila usimsafishe kwa machozi ya mwingine. Na ukikosea, rudi siku ile ile, ungali unaye wa kumwomba radhi. Mimi wangu wote wako makaburini.

Mungu akupe mkono usioogopa hata nyumbani kwenu. Na ukipita Mbozi msimu wa kahawa, ukasikia ndoo zinajaa mahali penye msiba, simama, mwanangu, uulize ni kahawa ya nani.