Wenzake Marlys

Miaka yote niliyoendesha basi la shule katika mji wetu huu mdogo wa jimbo la Iowa, Marekani, nyumba ya Marlys Hoekstra niliipita bila kusimama. Watoto wake watatu hawakwenda shule; walikuwa jikoni wakisomeshwa na mama yao, na siku za joto walihamia barazani na vitabu vyao. Walinipungia mkono. Abiria wangu nao waliwapungia, kwa wivu, hasa asubuhi za mtihani wa hesabu.

Watu wa mji walimsema Marlys mpaka wakachoka, wakapumzika, wakaanza upya. Kila Jumapili baada ya ibada, tukishuka ukumbi wa chini kunywa kahawa, lazima mtu amuulize, "Sasa Marlys, hawa watoto watajuaje kuishi na wenzao?" Mkali kuliko wote alikuwa mama mkwe wake, Alida, aliyefundisha darasa la pili mpaka akastaafu. "Unawafuga ndani kama kuku!" alimwambia mbele yangu, huku akijikatia kipande cha pili cha keki aliyoioka Marlys mwenyewe.

Marlys hakuwa mtu wa kujibizana. Alijibu kwa gari. Aliwapeleka watoto kuogelea, kwaya, mpira wa kikapu na chama cha vijana wafugaji, na Ijumaa wakakutana na familia nyingine zinazosomesha nyumbani, akina mama wakipokezana kufundisha. Aliwapigia simu wanawake asiowajua: "Mimi ni mama yake Tessa. Nasikia binti yako anapenda sungura." Watoto wale wakapata marafiki mpaka wa kugombania. Mumewe, Harlan, aliendesha lori la nguruwe na wiki nzima alikuwa njiani, kwa hiyo mizunguko yote ilikuwa ya Marlys. Mara nyingi nilimwona peke yake garini nje ya bwawa la kuogelea, anakula mkate na siagi ya karanga huku akisahihisha insha.

Nasema ukweli, lile swali la kanisani liliniudhi. Mimi ndiye niliyekuwa na basi zima la watoto nyuma ya mgongo wangu. Kuna mvulana mmoja alikaa kiti cha nyuma yangu tangu darasa la kwanza mpaka akapata leseni ya udereva, na hakuna mtoto aliyewahi kumwambia sogea nikae. Mama yake hakuulizwa kitu na mtu yeyote.

Basi wavulana wa Marlys wakakua, wakaondoka, mmoja jeshini, mwingine akaoa mbali. Agosti iliyopita ikawa zamu ya Tessa, kitinda mimba, kwenda kusomea uuguzi mjini Des Moines. Wiki yake ya mwisho alikuja kwangu. Nilikuwa nakata vikonyo vya maharage mabichi. Akavuta kiti, akaanza kukata naye, bila kuambiwa.

"Bi Nelva, nina ombi. Usicheke."

"Hilo siwezi kuahidi."

"Uwe unaenda kwa mama."

"Kufanya nini? Mama yako ana watu kaunti nzima. Simu yake haitulii."

"Hao ni mama za marafiki zetu. Kaka zangu walipoondoka, mama za rafiki zao wakaacha kupiga. Wamebaki wa upande wangu tu, na mimi ndiyo hivyo naondoka." Akatupa kikonyo kwenye bakuli la maharage, akakitoa. "Juzi nilimuuliza, mama, rafiki yako ni nani? Akasema mama yake Brooke. Nikamuuliza, anaitwa nani? Akachukua simu kulitafuta jina."

"Hajui jina lake?"

"Kwenye simu kamwandika hivyohivyo. Mama yake Brooke."

Nilipandwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Mji mzima tumehangaika na watoto ambao walikuwa na wenzao tele, na mwanamke aliyewatafutia hao wenzao tumemwacha kwenye gari.

Jumatatu baada ya Tessa kuondoka, nilivuka barabara nikagonga. Marlys alifungua amechana nywele vizuri, ufunguo wa gari mkononi, na hana pa kwenda.

"Ah, Nelva, pole, umemkosa. Tessa keshaondoka."

"Najua. Nimekuja kwako."

"Kwangu? Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Haumwi mtu. Nimekuja kukaa."

Alinikaribisha jikoni, akawasha mashine ya kahawa, akafuta meza iliyokuwa safi tayari. Kisha akaketi ukingoni mwa kiti, akaniuliza kwa adabu zote, "Watakuja kukuchukua saa ngapi?"

Aliposikia alichokisema, swali alilozoea kuwauliza watoto walioletwa kucheza na wanawe, alijiziba mdomo. Tulicheka mpaka nikashikwa na kikohozi. Halafu kicheko chake kikageuka, akawa analia waziwazi, mikono juu ya meza.

"Mimi sijui watu wazima huwa wanaanzaje," akasema.

"Wanaanza na maumivu," nikamwambia. "Mimi magoti yananiua. Wewe je, unaumwa wapi?"

Akafikiri kidogo, akapangusa macho.

"Bega," akasema. "Hili la kulia. Tangu mwezi wa tatu. Sijamwambia mtu."