Mbavu za Wakwe

Roseline amekausha samaki kwa moshi pale Homa Bay tangu usichana wake, na pipa lake la kufukizia halikuwahi kuona nyama. Lakini binti yake Dorine aliposema analeta wakwe kutoka Isebania, Roseline aliona haya. Wale ni Wakuria, watu wa ng'ombe. Angewawekeaje samaki mezani?

Akanunua mbavu, akasugua pipa kwa majivu hadi vidole vikachubuka, kisha akazifukiza kutwa nzima na kuzimwagia mchuzi wa nyanya na pilipili kali. Nyumba yake ni ya chumba kimoja, kwa hiyo samaki wa kuuza aliwasukumia chini ya kitanda na kushusha shuka hadi sakafuni.

Mzee Matiko, baba mkwe wa Dorine, alitafuna ubavu mmoja polepole, akasita.

“Pilipili imezidi?” Roseline akauliza.

“Hapana, mama Dorine. Ni kwamba nyama hii inanuka samaki.”

Hata paka wa jirani angemwambia hivyo mapema, lakini pua ya Roseline mwenyewe ilishazoea harufu ya pipa lile zamani. Akaanza kuomba radhi. Mzee akamtuliza kwa mkono.

“Si neno. Huyu binti yako kila siku anatusifia samaki wa mama yake. Tumekuja na hamu yao. Wako wapi?”

Roseline alikosa pa kuweka uso. Dorine ndiye aliyeona mkia wa samaki uliochungulia chini ya shuka. Akamtazama mama yake, kisha akainama na kuinua shuka.