Shangazi Alikaa Kiti cha Mbele

Kosa letu lilikuwa kuitaja njia. Watu wa Ibra wanaojua mambo, wakitaka kusafiri kwa amani, husema wanakwenda Maskati kutengeneza gari, na hapo maneno hukatika. Sisi tulikaa mkekani kwa mama mkwe, tukanywa chai, na mke wangu akaeleza kila kitu: tutateremka Ashkhara tukapunge upepo, kisha tuifuate pwani mpaka Sur, tutoke Sur twende Tiwi, na kutoka Tiwi mpaka Qurayat, wawili peke yetu. Watoto watabaki kwake. Ilikuwa kiangazi, mwisho mwisho wa miaka ya tisini, na joto la Ibra lilikuwa limetuchosha hata kugombana.

Mama mkwe alizaliwa Tabora na ana jamaa kila penye mtende. Siku ile aliendelea kumimina chai. Siku ya kuondoka nilikuta gari limejaa mpaka usawa wa vioo: unga wa muhogo wa watu wa Jaalan, achari ya embe ya watu wa Sur, kanga za mzazi mmoja wa Tiwi, na juu yake sufuria kubwa ambalo hakuna aliyeniambia ni la nani.

"Mama, sisi tunakwenda kupumzika," nilimwambia.

"Nani kawakataza? Pumzikeni huko huko majumbani kwa watu. Upite mlangoni kwa mtu na gari lako, usiingie, mimi uso wangu nitauweka wapi?"

Mke wangu alikuwa amekwisha kaa kitini, anaangalia mbele, anaipindapinda ncha ya mtandio wake. Hakunisaidia. Mama ni wake.

Lazima nieleze kwa nini tulitaka kuwa wawili. Nilikuwa nikifanya kazi katika kampuni ya malori, na kampuni ilitaka kunihamishia Salalah nikasimamie magari ya bandarini. Si mshahara ulionivuta. Mwaka mmoja nilipeleka mzigo Salalah wakati wa mvua zao, nikaona minazi, mipapai, migomba, udongo umelowa, madafu yanauzwa kando ya barabara. Nilisimamisha lori nikavua viatu nikatembea kwenye matope. Tangu siku ile sikutulia. Nilipomsimulia mke wangu alicheka.

"Unguja yako uliiacha unanyonya," alisema. "Unakumbuka nini wewe?"

Na kweli nakumbuka kidogo, na katika hicho kidogo sijui kipi nilikiona na kipi nilisimuliwa na mama. Lakini tangu tulipotoka huko nimekuwa mtu wa kuhama. Tanga, Dubai, Nizwa, Izki, Sur, Nizwa tena, halafu Ibra. Kila nilipofika nilikaa muda, nikajenga banda la kuku, nikaanza kunusa mahali pengine.

Ofisi ya Maskati ilitaka jibu langu Jumamosi. Ningeweza kwenda peke yangu. Wanaume wengi hufanya hivyo, wakarudi kwao kama wageni, watoto wakawaonea haya. Mimi nilitaka yeye aje. Nilipomuuliza, alisema: "Hapa sina nafasi ya kufikiri. Mama anasikia, watoto wanasikia. Nitakujibu njiani."

Basi safari yote ilikuwa ya kungoja jibu hilo.

Tuliondoka Jumatano alasiri, kwa sababu asubuhi alikuwa na soko lake. Ibra kuna soko la wanawake siku ya Jumatano, wanaume hawaingii, na yeye ana mahali pake mle ndani anapouza kofia, udi na mafuta ya nywele. Mimi humteremsha kwenye kona na mizigo yake, na adhuhuri humpitia pale pale. Miaka yote hiyo sijapata kuona anapokaa.

Magharibi tukaingia Jaalan, kwa wale jamaa wa unga wa muhogo. Mwenye nyumba alikwisha simama mlangoni, maana mama mkwe alikuwa amepiga simu. "Tafadhal, tafadhal!" alitukaribisha. Kwetu mume na mke wakifika kwa watu hugawanywa mlangoni kama mizigo miwili ya anwani tofauti. Mimi nilichukuliwa majlisi, sebule ya wanaume, kwenye tende na kahawa. Yeye akapotelea ndani kwa wanawake, na unga wa muhogo ukamfuata. Nikasikia kicheko chake kupitia ukutani mara mbili tatu. Wali ukaja, nyama ikaja, habari za bei ya ngamia zikaja. Nikalazwa pale pale majlisi, chini ya kiyoyozi kilichonidondoshea maji mguuni.

Asubuhi mwenye nyumba alitoka na sanduku mkononi. Nyuma yake alikuja bibi mmoja mfupi, amevaa buibui la kizamani na barakoa, ameshika fimbo.

"Shikamoo, shangazi," mke wangu aliamkia, na sauti yake ikaanguka katikati ya neno.

"Marahaba, mwanangu. Nakwenda Tiwi kwa binti yangu, kajifungua. Mama yako kasema mna gari tupu."

Gari tupu! Lakini mtu mzima hawekwi nyuma kwenye achari. Shangazi alipanda mbele, akavuta pumzi, akaweka fimbo kati ya magoti. Mke wangu akahamia nyuma, akalipakata lile sufuria, ambalo sasa tulijua ni la kumpikia mzazi. Kuanzia hapo nilimwona kwenye kioo tu, paji la uso na macho.

Ashkhara ilikuwa kama tulivyoahidiwa. Ukiacha majabali yanayochoma kama sahani ya motoni, unashuka baharini, na ghafla upepo ni wa baridi, bahari imechafuka, na familia za bara zimetandika mikeka mchangani, watu wamejifunika mashuka kana kwamba ni wagonjwa. Shangazi alikataa kuteremka.

"Baridi hii itaniua mie. Nendeni nyie, mi nitawaangalia."

Tulitembea mpaka mchanga ulipolowa. Mke wangu alivua makubadhi. Alikuwa na vivimbe chini ya macho. Alisema Jaalan walimweka macho kwa hadithi mpaka karibu na alfajiri. Tukasimama. Hakuna mtu karibu yetu.

"Nimefikiri," alianza.

Honi ya gari ikalia. Ikalia tena, ndefu. Tulirudi mbio tukidhani amepatwa na jambo. Shangazi alikuwa ameegemeza mkono kwenye usukani.

"Kioo hiki kinapitisha upepo," alisema. "Kipandisheni. Halafu twendeni, Sur watatungoja na chakula."

Njia ya kutoka pale mpaka Ras al Hadd na Sur ilikuwa ya changarawe, na kulikuwa na uzuri mwingi ambao sikuufaidi. Bahari kuliani muda wote, maji ya rangi ya feruzi, miamba myeupe, mbuzi wanatembea ukingoni kama wana shughuli. Shangazi alisimulia harusi zote za mtaa wa Malindi, kule Unguja, alizozijua akiwa msichana, nani alitandikiwa nini, nani alinyimwa nini. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, cha mjini hasa, na siku nyingine ningemsikiliza kutwa. Siku ile nilikuwa nikitazama kioo. Mara moja mke wangu alinitazama na yeye, akainua nyusi, akafumba macho. Kichwa chake kikawa kinagongagonga dirisha.

"Mkeo kalala," shangazi alisema. "Mwache. Mwanamke akilala garini ujue kachoka na mengi."

Sur tulifikia kwa binamu yake mke wangu, mtu wa serikali, mcheshi, mwenye majlisi kubwa ya mito myekundu. Tuligawanywa tena mlangoni. Walikuwamo majirani, wote wanajua Kiswahili kidogo au kingi, na swali lao la kwanza lilikuwa Salalah. Mama mkwe alikuwa amewapelekea habari pamoja na achari.

"Salalah pazuri," mmoja alisema. "Mvua, minazi. Ndiyo Unguja yetu tuliyobakiziwa."

"Mbu pia wa Unguja," alisema mwingine.

Mlango wa ndani uligongwa. Binamu aliinuka kupokea birika la kahawa kutoka kwa mkewe, akasimama pale muda kidogo akinong'onezana naye, akarudi anatabasamu. Akanimiminia mimi kwanza.

"Yakhe, pole. Nasikia bibie Salalah hataki."

Majlisi nzima ikacheka, bila ubaya. "Basi utapika mwenyewe huko!" mmoja alisema. "Mfundisheni kukuna nazi kabla hajaondoka!"

Nilicheka nao. Nilikitikisa kikombe kuonyesha kwamba nimetosheka, nikasema, "Bado tunaamua." Kahawa ilikuwa na iliki nyingi. Nakumbuka niliona ajabu kwamba sikukasirika. Niliona tu mwili umekuwa mzito, kama siku ile ningelazimika kuendesha tena nisingeweza kukanyaga mafuta. Jibu nililolifuata pwani nzima lilikuwa limepita nyuma ya ukuta, likazunguka jikoni, likanifikia pamoja na birika.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, tulishika njia ya Tiwi. Barabara kuu ya sasa haikuwapo. Ilikuwa njia ya mawe chini ya milima, na ukipishana na lori unangoja vumbi litue. Niliendesha tu, na shangazi alijaza nafasi kwa harusi nyingine. Tulipofika Tiwi alilia kumwona mjukuu, kisha akala kiapo kwamba hatutoki mpaka tule. Tukala. Alipoapa mara ya pili, kwamba tulale, mke wangu alimshika mikono yote miwili, akamwambia taratibu, "Shangazi, niache niende na mume wangu." Yule bibi alimtazama, akamtazama na mimi. Akafungua mlango mwenyewe.

Mke wangu akarudi kukaa mbele. Tulikwenda mpaka Fins, penye ufuo wa mawe meupe madogo, maji yakiingia yanatoa sauti kama mchele unaopepetwa. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya milima, lakini mawe yalikuwa bado ya moto. Tulitandika mkeka. Tulikaa, kila mmoja na uchovu wake.

"Umenyamaza tangu Sur," alisema.

"Nimejibiwa Sur."

"Na nani?"

"Na binamu yako. Pamoja na kahawa."

Alijifunika uso kwa mtandio. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu kikawa si kicheko.

"Walinibana," alisema. "Chumba kizima wananiuliza nafunga mizigo lini, nani nimemwachia vyombo vyangu. Nikasema siendi, ili waninyamazie. Nilitaka kukwambia wewe kwanza. Nilikuwa nakwambia pale Ashkhara, yule akapiga honi."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli." Alichukua jiwe akalirudisha palepale. "Nizwa nilikwenda. Izki nilikwenda. Sur nilikwenda nikazaa kati ya watu nisiowajua, ndiyo baadaye nikajua ni jamaa. Kila mji naanza upya, nani ana samaki mzuri, nani wa kumwogopa. Ibra sasa nisipokwenda Jumatano moja, mpaka jioni watu wameshatuma kuuliza kama naumwa. Salalah nani ataniuliza?"

"Mimi nitakuuliza."

"Wewe utakuwa ushaanza kuinusa Yemen."

Ilikuwa kweli na ilichekesha, na wote wawili tulikuwa tumechoka mno kucheka vizuri.

"Wale wanaume wa Sur," aliuliza baadaye, "uliwajibu nini?"

"Niliwaambia bado tunaamua."

"Basi uliwadanganya. Mimi nimekwisha amua. Anayeamua sasa ni wewe peke yako. Ukenda, nenda, sitakugombeza. Utanikuta Ibra."

Tulilala pale pale juu ya mkeka, na asubuhi mgongo ulinikumbusha umri wangu. Tulikunywa chai Qurayat kwenye hoteli ya barabarani, tukaingia Maskati magari yakiwa tayari yamesongamana. Nilisimamisha gari mbele ya ofisi yetu. Mke wangu hakuniuliza tunafanya nini pale. Nilipanda ngazi. Karani alikuwa na simu sikioni. Alinionyesha kiti kwa kidevu, akamaliza maneno yake, akainua nyusi.

Ningependa kuandika kwamba nilifikiria sana kwenye ngazi zile. Sikufikiria. Niliiona Salalah, udongo umelowa, nikajiona natembea mle na viatu mkononi, na hakuna mtu wa kumwambia tazama. Nikasema sitakwenda. Nilijitayarisha kuulizwa sababu. Karani alisema hakuna neno, kuna mwingine anaitaka, akainua simu tena.

Niliporudi garini mke wangu alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, chumvi imekauka shavuni. Sikumwamsha. Alizinduka tulipokwisha pita Bidbid, barabara inapogeukia Sharqiyah kuelekea Ibra na milima inakuwa rangi ya kahawia iliyoungua. Aliitazama kwa muda.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia siendi."

Gari moja likatupita, na jingine.

"Unajuta?"

"Ndiyo," nilisema. "Kiasi."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa chenji sawasawa. Akavua mtandio, akaukung'uta mchanga dirishani, akajitanda upya.

"Basi endesha polepole," alisema. "Mama hajui kwamba tunarudi leo."