Siku Niliyousemesha Mgomba

Mwanangu, siku ile naikumbuka vizuri. Nilikuwa bibi arusi mgeni hapa Katumba Songwe. Baba mkwe alikuwa amefyeka matete yote ya ukingoni mwa mto Songwe ili apande kakao. Sisi wanawake, tunaoteka maji pale kila asubuhi, hatukuulizwa.

Nilipofika mtoni na ndoo yangu, nikaona ufa mrefu umeukata ukingo, na maji ya masika yananguruma chini yake. Ng'ambo ya ufa, upande wa maji, baba mkwe ameinama anachimba mashimo ya miche.

Niliogopa mto, mwanangu, na nilimwogopa yeye. Unaijua desturi yetu Wanyakyusa: mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Nikimwita, nimewaaibisha wazazi wangu kule Mwaya. Nikinyamaza, tunamzika. Na hapakuwa na mtu mwingine wa kumtuma. Bonge la udongo likadondoka majini, chubwi!

Nikampa mzee mgongo, nikaugeukia mgomba uliokuwa kando yangu, nikapaza sauti: "Wewe mgomba! Ondoka hapo, ukingo umepasuka!"

Jembe likaendelea kuchimba. Nikarudia huku nalia. Ndipo nikasikia jembe likitupwa na miguu ikikimbia. Ukingo ukaporomoka, ukaenda na miche yote.

Jioni mama mkwe akanijia jikoni. "Baba yako anasema ndaga fijo, asante sana, kwa ule mgomba. Matete yatapandwa upya, na hayatakatwa tena mpaka wewe uulizwe."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walisahau kwamba mkuu naye ana miguu.

Siku hizi mnakaa semina mnazungumza uendelevu. Mimi naujua hivi: ardhi idumu, wajukuu waikute. Nayo haidumu kama anayeuona ufa hana ruhusa ya kusema. Sasa nasikia unanoa panga uyafyeke matete yaleyale, na hofu yangu imerudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini Songwe nani ataujengea ukuta? Mkeo huteka maji pale kila siku. Muulize kabla hujakata, na ukishamuuliza, umsikilize. Asilazimike kusema na mgomba, maana huenda siku hiyo wewe usielewe.

Mungu akujalie masikio, mwanangu. Aushike ukingo ule, na wanao wapate pa kusimama.